Zamu ya Noeline

Neiafu, Vava‘u
28 Agosti 1988

Mke wangu Noeline,

Mashua bado inaelea, mimi bado sijajiunguza na jiko, na nguruwe wa Kalolaine muuza mikate bado wanashuka gatini kila asubuhi kunikagua kama maofisa wa forodha. Sasa nipe za huko. Glenys ameshajifungua, au bado anasukuma tumbo kupanda mlima wa Lyttelton?

Nimekwenda ofisi ya simu mara tatu tangu uondoke. Mara ya kwanza Glenys akaniambia uko bafuni. Ya pili, uko kwa jirani. Ya tatu, umelala, na ilikuwa mchana kweupe. Mwanamke ambaye hajawahi kulala mchana tangu nimuoe! Sikuuliza. Nilimwambia akusalimie nikarudi zangu kwa miguu, na mhudumu wa simu akanisindikiza kwa macho ya huruma kama mwanamume aliyeachwa.

Basi nakuandikia. Kazi zinakwenda. Msimu wa vimbunga hautusubiri, na kila mashua iliyoko hapa inajiandaa kuteremka New Zealand. Nimepiga mbizi chini ya mashua nikakwangua tumbo la Tarapunga, lilikuwa limeota ndevu za mwani. Nimeshusha tanga kubwa nikalishona pale lilipochanika kwenye dhoruba ya mwezi wa tano. Mlingoti nao umekaguliwa mpaka kileleni. Najua utauliza nani kapanda, maana mpandaji ni wewe. Nimepanda mimi. Kalolaine na shemeji yake Semisi walinivuta kwa kamba kama ndoo ya kisimani, na nilipofika juu Kalolaine akakumbuka kwamba ameacha mikate kwenye tanuri. Akaenda zake dukani. Semisi akafunga kamba akakaa chini kuvuta sigara. Nilining'inia pale nikiangalia visiwa vyote vya Vava‘u hadi mikate ilipoiva.

Kuna jambo moja utalipenda. Kamba za matanga, zile zilizokuwa zinafungwa pale mlingotini, nimezipitisha kwenye roda mpya, vile vigurudumu vya kamba, hadi nyuma kwenye usukani. Sasa mtu anaweza kupandisha tanga na kulishusha akiwa amekaa palepale anapoendeshea, bila kwenda mbele, bila kumpigia kelele mtu mwingine.

Usiharakishe kurudi. Kaa na binti yetu. Mimi niko sawa.

Anayekukosa mezani na kila mahali,
Alwyn


Lyttelton
9 Septemba 1988

Baba Glenys,

Tumepata mtoto wa kike! Anaitwa Philippa. Ana vidole virefu kama vyako na hasira kama zangu. Glenys ni mzima, amechoka tu, akiona soksi ndogo analia. Graeme anambeba mwanawe kwa mikono miwili iliyonyooka kama aliyebebeshwa trei ya mayai, na hakai chini mpaka aambiwe.

Kuhusu simu, usianze kunitafutia ubaya. Nyumba imejaa wageni, simu iko ukumbini kwenye baridi, na mimi sipendi kuongea na mtu ambaye sauti yake inakuja na kuondoka. Niandikie. Ukiandika nakupata wote. Nakusoma, nakurudia, nakuona unavyokunja mdomo ukitaka kunichokoza.

Habari ya mlingoti nimecheka mpaka Glenys akaja kuangalia kuna nini. Lakini usipande tena, mzee wangu. Una miaka sitini na moja na bega moja bovu. Hiyo ni kazi yangu, nami nitaifanya nikirudi.

Kamba umezitengeneza vizuri, sina neno. Ila ile sentensi ya mwisho nimeisoma mara nyingi. "Bila kumpigia kelele mtu mwingine." Huyo mtu mwingine ni nani? Mashua ina watu wawili. Bandari zote kuanzia Opua hadi Neiafu wanatujua kwa kelele zako, wewe uko mbele na nanga na mimi niko nyuma na usukani, na wenzetu wanatoka na vikombe vyao vya chai kuja kuangalia sinema. Umechoka kupiga kelele? Au umemchoka anayepigiwa?

Natania. Nusu natania.

Nitarudi Oktoba kama tulivyopanga. Nimekufumia sweta ya kijivu, maana ukifika kusini utaanza kutetemeka na kujifanya hutetemeki. Unga uuweke mbali na unyevu.

Ni mimi wako,
Noeline


Neiafu
20 Septemba 1988

Bibi Philippa,

Nimekuita bibi, na ukikasirika mlaumu Glenys. Barua yako nimeisoma gatini kwa sauti. Kalolaine akapiga vigelegele, akaoka keki, na Jumapili iliyofuata kwaya yao ikamtaja mjukuu wetu kwenye maombi, jina lake wakiliimba vizuri kuliko ninavyolitamka mimi.

Jumapili hiyohiyo ilianza vibaya. Nilijisahau, nikaamka na msasa nikaanza kusugua mbao za sitaha. Unajua hapa Jumapili hata kuogelea ni kosa. Mara nikamwona polisi amekaa gatini, kavaa suti yake ya kanisani na mkeka mpya kiunoni kama desturi yao, kimya, mikono magotini. Alinisubiri niaibike mwenyewe. Nilipoweka msasa chini akatabasamu, akaniambia, "Ibada inaanza saa nne, bwana. Una shati?" Nikaenda. Nilikuwa nalo.

Kazi nyingine zote zimekaa sawa. Kitanda cha kushoto nimekishonea turubai la pembeni, madhubuti, mtu akilala hawezi kurushwa sakafuni hata bahari ichafuke vipi. Nimenunua saa ndogo ya jikoni yenye kengele kali, inaweza kumwamsha mtu kila baada ya nusu saa aangalie bahari kisha arudi kulala.

Sasa sikiliza. Nimefikiri. Glenys ana mtoto mchanga, na habari za Graeme umenieleza mwenyewe. Wewe huna haja ya kurudi huku kwa ndege mbili ili uteremke tena kwa mashua. Kaa hapo. Mimi nitaileta Tarapunga taratibu, nikisubiri hali nzuri ya hewa, nawe utanipokea Opua, hukohuko New Zealand, ukiwa mkavu na umependeza. Ni njia tunayoijua. Watu wengi huipita peke yao.

Wale Waholanzi wa mashua ya njano wanarudi kwao kwa ndege kupitia kwenu, nimewapa sanduku lenye vitu vyako, visiote ukungu bure.

Usinielewe vibaya. Nataka tu upumzike.

Wako,
Alwyn


Lyttelton
1 Oktoba 1988

Alwyn,

Sanduku limefika. Juu vitabu, katikati nguo, na chini kabisa, umeukunja vizuri kama ulivyo mtu wa utaratibu, mkanda wangu wa kujifungia kwenye mashua. Mkanda huo hapa ni wa nini? Upepo wa Lyttelton ni mkali lakini haujawahi kumrusha mtu baharini kutoka jikoni.

Basi umeshajua.

Kamba zimeletwa nyuma, kitanda kimoja kimeshonewa turubai, saa ya kukuamsha ipo. Mashua umeiandaa ya mtu mmoja. Nilianza kuelewa tangu barua ya kwanza nikajidanganya. Nani amekwambia? Glenys, kwenye simu? Nilimwapisha asiseme. Au uliligundua mwenyewe siku ya dhoruba ukanyamaza?

Ndiyo, sisikii. Haya, nimeliandika. Sikio la kushoto limekwisha na la kulia linafuata. Limeanza mwaka juzi, kidogo kidogo, kwanza nyimbo za ndege, kisha mluzi wa birika, kisha watu wakiongea wawili kwa pamoja. Nilijifunza kuangalia midomo. Kwa hiyo tukialikwa kwenye mashua za watu nakaa pembeni natabasamu. Na kwa hiyo siji kwenye simu, maana simu haina mdomo.

Siku ile ulikuwa mbele unapigana na tanga, na mimi nyuma nimeshika kamba nikikuangalia, nikisubiri uniambie nilegeze. Wimbi likanipiga usoni. Nikageuka kufuta macho. Nilipokugeukia tena tanga lilishakutupa chini, umeshika bega. Uliniita, sivyo? Uliniita na mimi nilikuwa nafuta macho. Tangu siku hiyo kila nikikukanda hilo bega natafuta namna ya kukwambia, na ninachosema ni kukuuliza kama unataka chai.

Hapa nilidhani nitajificha. Wiki mbili zilizopita Glenys alitoka kwenda dukani akaniachia mtoto. Nilikaa dirishani nikifuma sweta yako, nimekipa kitanda cha mtoto mgongo, nafurahi jinsi alivyotulia. Glenys aliporudi nikamwona anapita mbio na mfuko wake bado mkononi. Philippa alikuwa mwekundu, amelowa machozi mpaka shingoni. Sijui alilia kwa muda gani. Nilikuwa karibu naye kama ninavyokuwa karibu nawe mezani. Glenys hakunigombeza. Alikaa chini na mtoto, akanishika mkono, akaniambia taratibu, mdomo wake umenielekea, "Mama, tangu lini?" Kesho yake akanipeleka kwa daktari Christchurch. Nimepewa kimashine cha kuweka sikioni, kinapiga mluzi na kinachukia upepo.

Sikukwambia kwa sababu nilijua utafanya nini. Mtu aliye zamu baharini anatumia macho na masikio, na asiye na masikio anabaki nchi kavu. Nilijua safari zetu zitakwisha. Nilitaka msimu mmoja zaidi, kisha ningekwambia. Kosa hilo ni langu.

Lakini kunifungia vitu kwenye sanduku na kuwapa Waholanzi! Miaka thelathini na mbili, Alwyn. Ungeniandikia tu.

Noeline


Neiafu
9 Oktoba 1988

Dada Noeline,

Mungu akuweke, na mjukuu wako, na mama yake. Ni mimi Kalolaine wa mikate. Mumeo hajui kwamba naandika, na akijua atanuna, lakini akinuna ananunia wapi? Mkate anaula kwangu.

Barua yako aliifungulia dukani. Alikuwa ameomba mikate miwili. Akasoma, akarudia, akatoka, mikate kaiacha mezani na kofia pia. Siku tatu hatukumwona. Kwaya ilikuwa inamngoja, maana ameshakuwa mtu wa besi. Nikaona hapana. Nikapika lu, nyama ndani ya majani ya magimbi, nikachukua mtumbwi, nikamfuata kwenye mashua, maana alikuwa ameisogeza mbali na gati.

Nikamkuta kakaa chini, hajanyoa. Nikamwambia, "We mzungu, nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Mke wangu hasikii."

"Ehe. Halafu?"

"Halafu nini? Hasikii, Kalolaine! Masikio!"

"Hilo tu? Mbona mimi najua tangu Juni."

Dada, alinitazama kama nimemmwagia maji. "Umejuaje?"

"Nikimsemesha kwa nyuma namkosa, nikija mbele nampata. Sasa naja mbele. Ni kazi kubwa hiyo?"

Akafunika uso. Nikadhani anacheka, kumbe analia, mtu mzima yule. Nikamwekea chakula nikakaa. Ndipo akanieleza kwamba yeye siku zote alidhani bahari imekutisha. Anasema siku ya dhoruba alikuita, akakuona umesimama umetazama pembeni, umeganda, na tangu hapo umekuwa mkimya na hutaki hata simu yake. Akasema moyoni, huyu anaogopa na anaona aibu kuniambia, basi nitamwondolea mzigo wa kusema, nitakwenda peke yangu. Akaanza kufunga makamba yake. Nikamwuliza, "Ulimwuliza kama anaogopa?" Akasema hapana. Nikamwuliza, "Sasa mlikuwa mnaongea nini miezi yote hiyo humu ndani, sehemu yenyewe kama kabati?" Akasema, "Chai."

Mimi mume wangu alikufa bila ya kunieleza mengi, na mengine ningependa kuyajua. Kwa hiyo nakwambia wewe, rudi. Mashua zimeanza kuondoka, na hali ya hewa haitabaki hivi.

Lu aliimaliza yote.

Dada yako katika Bwana,
Kalolaine


Neiafu
12 Oktoba 1988

Noeline wangu,

Barua tatu nimechana. Hii nitaituma hata ikiwa mbaya.

Sikujua. Glenys hakuniambia neno, na mimi mwenyewe sikugundua kitu, nimekaa na wewe kwenye mashua ya hatua kumi na mbili nisione. Nilidhani unaogopa. Nililisuka jambo zima kichwani mwangu, nikaliamini, nikaona mimi ni mume mwema kweli, namwepushia mke wangu fedheha. Nilijisifu, Noeline. Wakati nakunja ule mkanda wako nilijisifu.

Na nimekasirika, nisikufiche. Miaka miwili nimekuwa naongea na mgongo wako. Nilikuwa nikikwambia mambo nikiwa nimeinama kwenye injini, nikiwa kitandani taa imezimwa, na usipojibu nasema amenuna, muache. Mengine yalikuwa mambo mazuri. Siwezi kuyakumbuka yote sasa, na hilo linaniuma kuliko bega.

Bega liache. Ningekuwa na akili ningegeuka kukuangalia kabla ya kulishusha lile tanga. Nilipiga kelele kwenye upepo ule ambao hata mwenye masikio manne asingesikia, kisha nikakuhukumu.

Rudi. Siombi kwa huruma, na wala sikuombi uje kukaa kama abiria. Nimeshona turubai la kitanda cha pili. Kamba nimeziacha nyuma, maana ni nzuri, na ukitaka utalishusha tanga mwenyewe bila kusubiri mdomo wangu. Na tumetunga ishara za mikono. Mimi nasimama mbele, Kalolaine anashika usukani tukiwa palepale kwenye boya. Mkono juu, simama. Ngumi, kaza. Vidole vikifunguka, legeza. Kalolaine ameongeza ya kwake, kusugua tumbo, maana yake chakula tayari. Sasa gati nzima wanazitumia. Juzi Semisi alinionyesha ishara toka mbali nikadhani nanga inavuta, kumbe suruali yangu imechanika nyuma.

Njoo, bibie. Mashua ni kubwa mno kwa mtu mmoja.

Alwyn


Lyttelton
19 Oktoba 1988

Alwyn,

Barua yako na ya Kalolaine zimefika pamoja. Nimelia, nimecheka, Philippa amenitapikia, siku imekuwa nzuri.

Umenikasirikia na una haki. Mimi nami nimekukasirikia kwa kuamini kwamba naogopa. Mimi! Nani alipanda mlingoti pale kwenye visiwa vya Kermadec ukiwa unayumba? Lakini hayo tutagombana tukikutana, uso kwa uso, niyaone matusi yote.

Nimekata tiketi ya ndege, nafika Jumanne. Mkanda wangu nimeurudisha kwenye begi.

Ila kuna jambo moja, na sikuandikii ili unijibu. Tukiwa njiani mmoja analala na mwingine yuko zamu. Wewe ukiwa juu, mimi nalala kama gogo, sijawahi kuwaza. Swali ni wewe. Nikiwa juu mimi, peke yangu, na masikio haya, utaweza kulala? Usiniandikie ndiyo. Najua utaandika ndiyo. Ukija kulala jicho moja wazi, unanilinda huku nimekaa zamu, hutafika siku ya nne kabla ya kuchoka na kufanya kosa, na mimi nitakuwa mzigo uliopakiwa kwa heshima. Hilo sitalikubali. Nikiliona, hii itakuwa safari yetu ya mwisho, nami nitasema mwenyewe, kwa sauti kubwa, hutahitaji sanduku.

Sweta imekwisha. Mkono mmoja umezidi kidogo.

Noeline


Ndani ya Tarapunga, kwenye meza ya ramani
Siku ya pili baharini

Alwyn,

Ilikuwa zamu yako ya kulala. Umelala na koti la mvua, buti miguuni, mlango wazi, na kichwa umekitoa nje mara nne. Ya mwisho ukasingizia kuniuliza kama nina njaa. Sikuwa na njaa. Nilikuwa na zamu.

N.


Siku hiyohiyo, mchana

Noeline,

Nilitaka kweli kujua kama una njaa.

Hapana, si kweli. Nililala pale nikisikiliza kila kitu, kamba, maji, mpaka vijiko kwenye droo, kana kwamba nisiposikiliza mimi hakuna atakayesikiliza. Kumbe mwoga wa mashua hii ni mimi. Nipe muda.

Upepo umegeuka kidogo kusini mashariki. Kuna supu, usiache ipoe.

A.


Siku ya tano

Alwyn,

Umetia chumvi kwenye chai, umenipa mimi kikombe hicho, ukaweka sukari kwenye viazi. Macho yako mekundu kama ya sungura. Nimeshakwambia nitakachofanya tukifika, na nimeanza kutafuta maneno.

Usisingizie kelele za redio ya mashua. Kosa ni lako. Kalale.

N.


Siku ya sita, asubuhi

Noeline,

Nilitoka tena. Najua ulikuwa umenipa mgongo na hukuniona, kwa hiyo ningeweza kunyamaza, lakini kunyamaza tumeshakujaribu.

Mvua ilikuwa nzito, nikasikia mngurumo wa injini, nikaruka hadi ngazini. Ilikuwa meli kubwa, imeshapita nyuma yetu, mbali, inaondoka. Wewe ulikuwa umeshageuza usukani muda mrefu kabla, umeshakaza tanga, umeshairudisha mashua kwenye njia yake, na ulikuwa umekaa unamenya chungwa. Ulikuwa unageuza kichwa polepole, upande huu mpaka upande ule, bila kuchoka. Nikagundua kwamba mimi siku zote nikiwa zamu nasoma kitabu, nikitegemea masikio.

Ulikuwa umeiona kabla sijaisikia. Nilirudi chini nikakaa kitandani kama mjinga.

Hili ndilo jibu, ingawa ulinikataza kuliandika. Navua koti.

A.


Siku ya tisa

Alwyn,

Nimeshuka kuchukua kofia nikakukuta. Koti umelitundika. Suruali umeikunja. Umevaa pajama za mistari, wewe ambaye hujawahi kuvaa pajama ukiwa hujafunga kamba gatini. Mlango ulikuwa umeufunga mwenyewe kwa ndani, nimeusukuma kwa bega. Mdomo uko wazi. Nadhani unakoroma, kwa jinsi masharubu yanavyoruka, ila hilo siwezi kuliapia.

Nimekutazama muda mrefu kuliko anavyoruhusiwa mtu aliye zamu, kisha nimepanda kuangalia bahari, nimeangalia pande zote, nikashuka tena kukuandikia hivi upesi.

Nchi inaonekana. Kwanza ilikuwa wingu refu lisilosogea, sasa ni vilima, na kimoja kina kijani juu. Wewe huwa unapenda kuwa wa kwanza kuiona na kupiga ukelele, najua. Nilifungua mdomo nikuite, nikaufunga.

Zamu yako ilishafika. Nimeichukua. Endelea kulala, mume wangu, niko juu.

Noeline